Kutazama na Kupiga Picha Bata wa Porini: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua Kwenye Ardhioevu

Bata huruka wakiukabili upepo, na hutua wakiukabili upepo. Ukilishika hilo kabla ya kuwaza ununue lenzi gani, umeshawatangulia wengi wanaofika hifadhini na kamera za gharama kubwa wakarudi na picha za mikia. Upepo ukivuma kutoka mgongoni mwako, bata anayetua anakujia uso kwa uso, mbawa zimetandazwa, miguu imetangulia kupokea maji. Upepo ukikupiga usoni, kila anayeinuka anakupa kisogo.

Mwongozo huu wote unasimama juu ya wazo hilo. Tabia ya ndege ndiyo inayokuambia ukae wapi, ufike lini na kidole kiwe tayari wakati gani. Kamera inakuja baada ya macho. Kwa hiyo mpangilio wa hatua hizi si wa bahati: kumjua ndege kwanza, saa na mahali baadaye, vifaa baada ya hapo.

Hatua ya 1: Mjue unayemtafuta

Ukoo wa bata, ambao wataalamu huuita Anatidae, una takriban aina 170 duniani, pamoja na bata bukini na bata maji wenye shingo ndefu. Huhitaji kuzijua zote. Anza kwa kuwagawa kwa namna wanavyotafuta chakula, maana namna ya kula ndiyo inayoamua namna ya kuruka.

Kuna bata wanaopinduka. Hawa hula juu ya maji au huinamisha kichwa chini na kuacha mkia umesimama wima hewani. Maarufu kuliko wote ni bata kichwa-kijani (Anas platyrhynchos), ambaye ndiye babu wa karibu mabata wote wanaofugwa. Miguu yao iko katikati ya mwili, kwa hiyo hutembea vizuri nchi kavu na wakishtuka hujirusha moja kwa moja kutoka majini kwenda juu. Kwako maana yake ni kwamba hupewi muda: ukiwa unampiga picha akielea, acha nafasi ya kutosha juu ya kichwa chake, la sivyo akiruka utabaki na picha ya miguu.

Kuna bata wanaozamia, kama wale wa jenasi ya Aythya. Miguu yao imesogea nyuma ili iwasukume chini ya maji, na majini huketi chini kama mtumbwi uliopakia shehena. Hawawezi kujirusha wima. Lazima wakimbie juu ya maji kwa mita kadhaa, wakipiga uso wa maji kwa miguu, ndipo wainuke. Hao ni zawadi kwa mpiga picha, kwa sababu kuna sekunde mbili tatu za kuwafuata na matone yanaruka nyuma yao kwa mstari mzuri. Wanapozama, hesabu kimoyomoyo. Mizamio ya ndege mmoja mahali pamoja hufanana urefu, kwa hiyo baada ya mitatu au minne utajua lini kuweka jicho kwenye kamera.

Halafu kuna bata bukini. Hawa ni walaji wa majani. Hulala majini au kwenye visiwa vya matope usiku, alfajiri huruka kwenda malishoni, jioni hurudi. Dume na jike hufanana, wenzi hukaa pamoja miaka mingi, na makinda husafiri na wazazi wao katika majira yote ya baridi ya kwanza. Ukiona kundi kubwa la bata bukini, tulia ulitazame vizuri: utaanza kuona kwamba kundi hilo limeundwa na familia, baba, mama na watoto watatu au wanne wanaotembea pamoja na kutetana na majirani.

Wapo wasioingia vizuri katika mafungu haya. Bata bukini wa Misri (Alopochen aegyptiaca) ana jina la bata bukini lakini undugu wake wa karibu uko kwingine. Bata wapiga mbinja wa jenasi ya Dendrocygna husimama wima, shingo ndefu, na hujitangaza kwa sauti kabla hujawaona. Usijisumbue sana na uainishaji siku za mwanzo. Tazama mdomo, tazama miguu, tazama anavyoketi majini.

Jambo moja linalowachanganya wengi ni rangi. Baada ya msimu wa kuzaliana, madume wengi wa aina za kaskazini hupukutisha manyoya yao ya kupendeza na kuvaa vazi la kahawia linalofanana na la jike. Kwa kaskazini ya dunia hilo hutokea kati ya Juni na Agosti. Wakati huohuo manyoya yote ya kurukia huanguka kwa pamoja, na kwa wiki tatu hadi nne ndege hawezi kuruka kabisa. Anajificha mateteni, ana hofu, na hana pa kukimbilia ila kuogelea. Msimu huo kaa mbali zaidi ya kawaida. Kwa aina nyingi za bata wa Afrika hali ni tofauti, maana dume na jike hufanana karibu mwaka mzima, na rangi haikusaidii sana kuwatenganisha.

Badala ya rangi, jifunze vitu visivyobadilika: umbo la mdomo, urefu wa shingo, baka linalong'aa kwenye bawa ambalo hubaki hata dume akiwa amevua fahari yake, na sauti. Kwa bata kichwa-kijani, ile kwaa-kwaa kubwa inayosikika ng'ambo ya bwawa ni ya jike. Dume ana sauti ya chini, ya kukwaruza.

Hatua ya 2: Chagua mahali na saa

Tarehe 2 Februari 1971, katika mji wa Ramsar nchini Iran, mataifa yalitia saini mkataba wa kulinda ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na jina lake rasmi linataja waziwazi makazi ya ndege wa majini. Leo orodha ya Ramsar ina maeneo zaidi ya 2,400. Inapatikana bure kwenye intaneti, na kwa kila eneo kuna maelezo ya ndege wanaofika. Ni pa kuanzia pazuri kuliko picha za mitandaoni, ambazo hukuonyesha ndege bila kukuambia ni mwezi gani walikuwapo.

Mwezi una uzito. Kati ya Novemba na Februari bata wengi wa kaskazini huwa wameshuka kusini kukimbia barafu, na baadhi yao, kama bata mkia-mrefu mwembamba (Anas acuta), hufika hadi Afrika. Huo ndio wakati wa makundi makubwa, na pia ndio wakati madume wamevaa vizuri. Katika nchi za joto, fuata maji zaidi ya kalenda. Mabwawa yakikauka, ndege hukusanyika kwenye maji machache yaliyobaki na unawaona kwa wingi. Mvua zikinyesha, hutawanyika kwenda kuzaa kwenye vidimbwi na nyasi zilizofurika.

Kuhusu saa, alfajiri na jioni hazina mshindani. Bata wengi hula usiku na mchana husinzia katikati ya maji, mdomo umefichwa mgongoni, na picha ya bata aliyelala saa saba mchana ni picha ya bonge la manyoya. Fika gizani, ukae, uache kupambazuke juu yako. Kwenye ardhioevu ya pwani, tazama jedwali la maji kujaa na kupwa: fika saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa, ili bahari yenyewe iwasogeze ndege kuelekea ulipo badala ya wewe kuwafuata matopeni.

Soma kanuni za hifadhi kabla ya kuondoka nyumbani. Saa za kufungua, njia zilizoruhusiwa, vibali vya kupiga picha. Droni hukatazwa katika hifadhi nyingi za ndege, na kwa haki: kwa bata, kitu kinachoelea angani bila sauti ya kawaida ni mwewe, na kundi zima huinuka.

Hatua ya 3: Beba vinavyotosha

Kitu cha kwanza ni darubini. Namba 8x42 maana yake inakuza mara nane na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 42. Kwa ardhioevu naipendekeza kuliko 10x42, kwa sababu inaonyesha eneo pana zaidi na mtetemo wa mikono hauonekani sana. Mwanga hafifu wa alfajiri ndio saa yako ya kazi, na kioo cha milimita 42 hukusanya mwanga kuliko zile darubini ndogo za mfukoni.

Kwa kamera, lenzi ya milimita 400 au zaidi ndiyo ya starehe. Lakini kwenye kibanda cha kujificha kilichojengwa karibu na maji, lenzi ya milimita 300 kwenye kamera yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ndogo inatoa picha nzuri sana. Mwenye simu tu asikate tamaa: simu ikishikizwa kwenye jicho la teleskopu, kwa kishikizo maalumu, hupiga picha za kutosha kumtambua ndege aliye mbali sana, na wakati mwingine picha za kupendeza hasa.

Acha stendi ya miguu mitatu ikiwa unakwenda kukaa kibandani. Inakula nafasi na inawakwaza wenzako. Mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa mchele au maharage, ukiulaza juu ya ubao wa dirisha, unashika lenzi nzito imara kuliko stendi nyingi. Valia rangi zisizong'aa, nguo zisizopiga kelele unapojigeuza. Zima mlio wa kamera, zima flashi, zima mlio wa simu.

Hatua ya 4: Fika, keti, na usiguse kamera bado

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo ninayoihimiza zaidi. Toa dakika kumi au kumi na tano za kutazama tu. Upepo unatoka wapi? Tazama vidole vya mawimbi, au tazama ndege wenyewe, maana upepo ukizidi wote huketi wakiuelekea. Jua litapanda upande gani? Wanatua wapi, na wakitua huogelea kwenda wapi? Kuna gogo au ulimi wa tope wanakopanda kujichambua manyoya? Mahali pa kujichambua pakijulikana, ndege watarudi hapo tena na tena asubuhi nzima.

Ukipata mahali ambapo jua na upepo vyote vinatoka nyuma yako, kaa hapo. Ikibidi kuchagua kimoja, mimi hufuata jua kwa ndege walioko majini, na hufuata upepo kwa ndege wanaoruka.

Kibandani, ingia kwa utulivu, funga mlango bila kuubamiza, fungua vidirisha polepole. Usitoe mikono nje kuonyeshana ndege. Walioondoka ulipoingia watarudi, mara nyingi ndani ya nusu saa, na wakirudi wakakuta kimya watakaa. Nje ya kibanda, usitembee juu ya tuta mwili wako ukachorwa dhidi ya anga. Pita chini ya tuta, usimwendee ndege kwa mstari ulionyooka, na ukifika keti. Mtu aliyeketi humtisha bata kidogo kuliko aliyesimama, hata umbali ukiwa uleule.

Jifunze dalili za hofu kama unavyojifunza majina. Shingo zilizokuwa zimelegea hunyooka. Ulaji husimama. Kundi lote huanza kuogelea taratibu kwenda upande mmoja, mbali nawe, bila haraka inayoonekana. Ukiona hivyo, umeshafika karibu kupita kiasi. Simama, kisha rudi nyuma hatua kadhaa. Usingoje waruke ili ujue umekosea umbali. Bata bukini hasa hulipa gharama kubwa: tumbo lao husaga majani vibaya, kwa hiyo inawabidi kula saa nyingi za mchana ili kupata nguvu ya kutosha, na kila mara wanapoinuliwa hupoteza mlo na kuchoma akiba ya safari. Picha iliyopatikana kwa kuliinua kundi haina thamani kwangu, hata iwe kali namna gani.

Na usidhani waliolala hawakuoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba bata kichwa-kijani wanaolala pembezoni mwa kundi huacha wazi jicho linalotazama nje, nusu ya ubongo ikiwa macho, mara nyingi zaidi kuliko walio katikati. Ukisogea, yule wa pembeni ndiye atakayekutangaza.

Msimu wa viota, kanuni ni kali zaidi. Jike akifukuzwa, mayai hupoa na kunguru hupata nafasi. Vifaranga hutoka kiotani wakiwa na siku moja au mbili tu na kumfuata mama majini, kwa hiyo usijiweke kamwe kati ya mama na maji. Usiwarushie mkate ili wasogee. Mkate hauna lishe wanayohitaji, mabaki yake huchafua maji, na ndege aliyezoea kulishwa huacha tabia ulizokuja kuzitazama. Ukikuta ndege aliyekufa au anayezunguka-zunguka kama mlevi, usimguse: homa ya ndege, hasa H5N1, imeua ndege wa majini wengi duniani miaka ya karibuni. Wajulishe walinzi wa hifadhi.

Hatua ya 5: Panga kamera

Kwa ndege anayeelea, kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde inatosha. Kwa anayeruka, panda hadi 1/2000. Acha ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, ijipange yenyewe na usiiogope ikifika 3200 asubuhi na mapema, maana picha yenye chembechembe inasafishika, iliyotikisika haisafishiki. Fokasi iwe ya kufuata mfululizo, na kama kamera yako inatambua jicho la ndege, iwashe. Hifadhi faili ghafi (RAW), si JPEG peke yake.

Mwanga wa majini ni mdanganyifu. Maji yanayong'aa huifanya kamera idhani kuna mwanga mwingi mno, na bata anatoka mweusi kama kivuli: ongeza mwanga kidogo. Ndege mweupe kwenye maji meusi humkuta la kinyume, kifua chake kinaungua hadi manyoya hayaonekani: punguza. Bata kichwa-kijani dume ana vyote viwili mwilini mwake. Piga picha moja ya majaribio, tazama sehemu zinazomweka kwenye kioo, rekebisha, kisha usirudi kutazama kioo kila dakika, maana jambo zuri hutokea ukiwa umeinamisha kichwa.

Ile kijani ya kichwa, na lile baka la buluu bawani, hazitokani na rangi peke yake. Ni muundo wa manyoya unaorudisha mwanga kwa namna fulani, na ndiyo maana kichwa hichohicho huwa kijani, zambarau au cheusi kabisa ndege anapogeuka. Kijani huwaka jua likiwa nyuma yako, chini, na ndege amekugeuzia ubavu. Subiri ageuke. Mara nyingi utasubiri sekunde chache tu.

Shuka chini. Picha iliyopigwa kutoka juu humfanya bata aonekane kitu kilichodondoka majini. Iliyopigwa usawa wa jicho lake humpa heshima, na maji ya mbele na ya nyuma huyeyuka kuwa rangi laini. Kibandani chagua dirisha la chini kabisa. Kwenye ukingo, lala kifudifudi kama hifadhi inaruhusu.

Kuna adui mmoja asiyetibika kwa lenzi yoyote, nao ni hewa inayocheza juu ya maji jua likipanda. Ukiona ndege wa mbali wametetemeka kwenye darubini, picha zao zitakuwa laini hata ufanye nini. Wakati huo piga walio karibu, au weka kamera chini utazame.

Hatua ya 6: Tangulia tukio

Sasa ndipo ule utazamaji wa mwanzo unapolipa.

Ndege akianza kuoga, usiondoke. Atachovya kichwa, atajimwagia maji mgongoni, atajibingirisha, na mwisho, karibu kila mara, atainuka juu ya maji na kupiga mbawa mara mbili tatu kujikausha. Hiyo ndiyo picha rahisi kuliko zote za mbawa zilizokunjuliwa, na bado wengi huikosa kwa sababu waliona bata "anaoga tu" wakageukia kwingine. Ongeza kasi ya shata mara anapoanza kuoga, panua nafasi pembeni, ngoja.

Kabla ya kuruka, bata huinua vichwa na kuvirusharusha juu kwa vijitendo vya haraka. Bata bukini hutikisa vichwa upande hadi upande, sauti zao hupanda, na tabia hiyo huenea kutoka mmoja hadi mwingine mpaka familia nzima imekubaliana. Kisha wote hugeukia upepo. Ukiona kugeuka huko, una sekunde kadhaa.

Wanapotua, hasa bata bukini wanaorudi jioni kutoka juu sana, tazama angani. Baadhi yao hujibwaga upande, wakajipindua mgongo chini tumbo juu huku kichwa kimebaki sawa, ili wapoteze kimo haraka. Ni jambo la kushangaza hata ukilijua. Hutokea ghafla na huisha ghafla, kwa hiyo fuata kundi kwa kamera tangu likiwa mbali.

Madume wa bata kichwa-kijani wakimzunguka jike wakati wa baridi, kaa nao. Mmoja atagusa maji kwa ncha ya mdomo, atajikunja huku akirusha mstari wa matone kando, na utasikia mluzi mfupi. Ni tendo la chini ya sekunde moja. Dume na jike wakianza kupandisha na kushusha vichwa kwa zamu wakitazamana, watapandana muda si mrefu, na baada ya hapo jike ataoga na kupiga mbawa. Umeshajua la kufanya.

Kwa bata bukini, ugomvi ndio mlango wa picha nzuri. Dume humfukuza jirani, kisha hurudi mbio kwa mwenzake, shingo zimenyoshwa chini, na wote wawili hupaza sauti pamoja kusherehekea. Konrad Lorenz, Mwaustria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, aliichunguza kwa muda mrefu sherehe hii ya ushindi kwa bata bukini wa kijivu. Wapigaji picha wengi humpiga anayefukuza. Mimi naona picha yenyewe iko kwa wawili wanaokutana baadaye.

Na bata mdomo-koleo (Spatula clypeata) ukiwaona wanazunguka kwa duara, kichwa cha mmoja kwenye mkia wa mwenzake, wanakoroga maji ili vijidudu vipande juu wavichuje kwa midomo. Hapo punguza kasi ya shata hadi 1/30, shika kamera imara kwenye mfuko wako wa maharage, na uache duara liwe duara.

Katika kupanga picha, mwachie ndege nafasi upande anaoelekea. Usikate kivuli chake majini. Kwenye kundi, ngoja vichwa viachane, kwa sababu vichwa vilivyopandana huharibu picha ambayo kila kitu kingine kilikuwa sawa. Na usione haya kumwacha ndege akiwa mdogo, matete na ukungu vikijaza sehemu iliyobaki. Mara nyingi ardhioevu yenyewe ndiyo habari.

Hatua ya 7: Andika na utoe taarifa

Beba daftari dogo. Tarehe, saa, upepo, kimo cha maji, aina na idadi. Kundi kubwa halihesabiwi mmoja mmoja: hesabu kumi, jifunze ukubwa wa hao kumi kwa macho, kisha pima kundi zima kwa kipimo hicho. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini imekuwa ikifanyika tangu mwaka 1967, hasa kila Januari, na watu wa kujitolea ndio mhimili wake. Orodha zako za kawaida unaweza kuziingiza kwenye eBird, hifadhidata ya mtandaoni ya ndege walioonwa, iliyoanzishwa mwaka 2002.

Piga picha za miguu na shingo pia. Tangu mwalimu Mdenmaki Hans Christian Mortensen alipoanza kuwavisha ndege pete zenye namba mwaka 1899, pete zimefungua siri nyingi za safari zao, na bata bukini wengi leo huvishwa pete za rangi au mikanda ya shingoni yenye herufi zinazosomeka kwa mbali. Hata picha yenye ukungu inaweza kuwa na herufi zinazosomeka ukiikuza. Hata bila pete picha ina kazi: Peter Scott, aliyeanzisha kituo cha ndege wa majini cha Slimbridge nchini Uingereza mwaka 1946, aligundua miaka ya 1960 kwamba kila bata maji wa Bewick ana mchoro wake wa njano na nyeusi mdomoni, na akaanza kuwatambua mmoja mmoja kwa nyuso.

Ukichapisha picha za kiota au za ndege adimu, ondoa alama ya mahali kwenye faili. Eleza pia kama ndege alikuwa amefugwa, maana hifadhi nyingi huwa na ndege wa vizimbani kando ya wale wa porini, na mtazamaji mgeni hawezi kujua.

Ukifika nyumbani, sugua tope kwenye viatu na miguu ya stendi kabla ya kwenda bwawa jingine. Magonjwa ya ndege na mbegu za magugumaji husafiri humo. Kausha lenzi usiku huo huo. Kisha kabla ya kuchagua picha ya kuwaonyesha watu, pitia kwanza zile za pete na utume namba kwa kituo cha uvishaji pete, pamoja na tarehe na mahali. Watakujibu alivishwa wapi, mwaka gani, na nani wengine wamemwona njiani.